GARI LA RALI LA ZAMANI: USIANZE NA INJINI, ANZA NA MIGUU!

KUNA ugonjwa umeingia mjini na dawa yake haiuzwi famasi. Mtu anaona picha ya Datsun 240Z imejaa tope mpaka kwenye paa, au anasikia Ford Escort ya miaka ya sabini ikilia kwenye vumbi la Taita, basi usingizi kwaheri. Kesho yake utamsikia anaulizia mkweche. Anaupata nyuma ya nyumba ya mzee fulani, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Analipa, anauburuza kwa kamba mpaka gereji, na swali la kwanza kumtupia fundi ni: "Hii injini tukiichokonoa, itatoa farasi wangapi?"

Hapo ndipo mshiko unapoanza kuteketea.

Sikiliza, mshkaji. Safari Rally haijawahi kuwa mashindano ya kuhesabu farasi tu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza saba vilevile! Mvua na tope vilimeza mengi, na barabara ikavunja mengine. Na unajua nani alishinda miaka yote hiyo miwili? Dereva yuleyule, Nick Nowicki, na gari lilelile, Peugeot 404. Gari la baba mwenye familia, la kupeleka watoto shule na bibi hospitali. Hakuna kijana aliyebandika picha yake ukutani kwa sababu ya mbio. Lakini lilikuwa na miguu ya kumeza mashimo, na wenye injini za kutisha walibaki kando ya barabara wakipunga mkono.

Siku hizi wapenzi wa magari ya zamani wana uwanja wao. East African Safari Classic ilianza mwaka 2003, miaka 50 baada ya ile Safari ya kwanza ya 1953, na magari yanayoruhusiwa ni ya enzi zile tu. Mzee Björn Waldegård, Mswidi aliyeshinda Safari yenyewe mwaka 1977 akiwa na Escort, alirudi akaishinda Classic mwaka 2007 na Escort tena, kisha 2011 akiwa na Porsche 911, mwanawe Mathias akimsomea ramani. Alikuwa na miaka 68. Babu kubwa kweli! Na mwaka 2009 Ian Duncan wa Kenya aliwachapa wote akiwa na Ford Mustang, gari ambalo ukiliangalia hivi hivi unadhani ni la kwenda disko.

Kwa hiyo ndoto si ya kijinga. Kinachotakiwa ni kujua pesa inaanzia wapi, na mie nasema inaanzia chini: springi, shokapu, bushi na chuma kinachovishika vyote.

MKWECHE WAKO UNA MIGUU GANI?

Usinunue hata bushi moja kabla hujajua gari lako limesimama vipi. Escort mbele ina shokapu na springi kwenye nguzo moja, mtindo wa MacPherson, na nyuma ina ekseli nzima iliyolala juu ya springi bapa, zile za mabamba kama za pikapu. Rahisi kutengeneza hata chini ya mbuyu. Ubaya wake ni kwamba ukiipa injini ya nguvu, ekseli inajikunja na kutikisika, ndiyo maana za mashindano zinawekewa mikono ya ziada ya kuishikilia isicheze.

Datsun 240Z ina nguzo za MacPherson mbele na nyuma, kila gurudumu linajitegemea. Gari hilo lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, yule mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, akiwa na Datsun pia. Peugeot 504 mbele ni hivyo hivyo, na miguu yake inajulikana kwa kwenda juu na chini masafa marefu. Waliopanda 504 za abiria zilizobeba watu kumi na mizigo wanajua ninachosema.

Porsche 911 za zamani ni kizungumkuti kingine. Hazina springi za kuzunguka. Zina fimbo za chuma zinazojipinda. Kule nyuma, fimbo moja ina meno 40 upande mmoja na 44 upande wa pili. Ukitaka kupandisha gari kidogo, unaichomoa, unasogeza jino moja huku na jino moja kule kwa kurudi nyuma, tofauti ndogo inayobaki ndiyo kipimo chako. Mafundi wa fimbo hizo ni wa kutafuta kwa tochi. Kama huna fundi wa namna hiyo na huna mfuko wa kumsafirisha, achana na Porsche, baki na Escort yako ulale usingizi.

BODI KWANZA, UREMBO BAADAYE

Shokapu ya bei mbaya ukiifunga kwenye bati lililooza ni sawa na kuvaa kiatu kipya kwenye mguu uliovunjika. Gari la MacPherson linapokea kipigo chote pale juu, kwenye kikombe cha bodi ambako nguzo inafungwa. Kwenye gari la miaka 50 mahali hapo huwa na kutu chini ya rangi, na nyufa ndogo kama nywele. Kwangua rangi yote. Ona kwa macho yako, usiambiwe.

Fundi mzuri atachomelea upya maungio ya bati, ataongeza mabamba ya kuimarisha vikombe, na sehemu zote zinakofungwa mikono ya chini. Kwenye Escort kuna kazi moja ya lazima kama una nia ya kweli: shokapu za nyuma kiwandani zimelala kwa mshazari, na gari la rali linajengewa minara ndani ya buti ili zisimame wima. Zikisimama wima zinafanya kazi kwa urefu wake wote, tena unapata nafasi ya kuweka ndefu zaidi. Kazi hiyo ni ya kuchomelea bodi yenyewe, kwa hiyo kabla ya kuanza kitafute kitabu cha kanuni cha mashindano unayoyataka. Mashindano ya kihistoria ya FIA yanataka gari lifanane na karatasi zake za enzi zile, na mkaguzi akikuta mkono ambao haukuwapo zamani, utarudi nyumbani na gari lako juu ya lori. Mengine yanalegeza kamba kidogo. Soma kwanza, nunua baadaye.

SPRINGI: MPE FUNDI HESABU

Wengi mjini wanaamini springi ngumu ndiyo ya mashindano. Kwenye lami laini, sawa. Kwenye changarawe gari gumu linarukaruka kama mbuzi, tairi linakuwa hewani nusu ya muda, na tairi lililo hewani halikati kona wala halishiki breki.

Tufanye hesabu ya darasa la saba. Tuseme gari lako likishajaa, yaani mafuta, dereva, nevigeta, matairi mawili ya akiba, vifaa na maji, kila gurudumu la mbele linabeba kilo 300 bila kuhesabu uzito wa gurudumu lenyewe. Hiyo ni kama nyutoni 2,943. Chukua springi ya nyutoni 25 kwa kila milimita, ambayo kwenye makaratasi ya Uingereza itaandikwa ratili 143 kwa inchi. Itabonyea milimita 118 kwa kubeba gari tu. Ukichukua ngumu mara mbili, nyutoni 50, itabonyea 59.

Sasa angalia mguu wako. Tuseme una shokapu yenye mwendo wa milimita 210 toka chini kabisa mpaka juu kabisa. Kwa barabara mbaya mie napenda theluthi moja iwe ya kushuka na theluthi mbili za kupanda: gari likisimama, mguu uwe na 70 za kuning'inia kwenye shimo na 140 za kumeza jiwe. Springi laini inataka kubonyea 118, kwa hiyo zile 48 za ziada unazibana mapema kwa nati ya kikombe cha springi wakati mguu unaning'inia. Basi, inakaa sawa. Springi ile ngumu inabonyea 59 tu, kwa hiyo gari likiruka na mguu ukining'inia 70, springi inabaki inachezacheza milimita 11 bila kushikwa na chochote. Ndiyo maana utaona magari mengine yana springi mbili, moja ndogo dhaifu juu ya kubwa. Ile ndogo haibebi gari, kazi yake ni kuishikilia kubwa isihame.

Na ile laini, mguu ukipanda mpaka mwisho, inakuwa imebeba kama mara mbili na kidogo ya uzito wake wa kawaida. Ukitua vibaya baada ya kuruka, nguvu inapita hapo. Inakwenda wapi? Kwenye raba ya kugotea. Raba hiyo ni spea ya bei ndogo na watu wanaisahau, halafu wanashangaa kikombe cha bodi kimetokeza kwenye boneti kama chunusi. Nunua ndefu, laini mwanzoni na ngumu mwishoni, na ubadilishe kila inapoanza kupasuka.

Jambo jingine: ukipima, pima gari likiwa na mzigo wake wote. Kuna jamaa wanapanga springi gari likiwa tupu gerejini, wanalisifia limesimama kama simba, halafu wanapakia matairi na mafuta, simba analala.

SHOKAPU NDIYO MCHEZO WENYEWE

Springi inabeba, shokapu inatuliza. Ndani ni pistoni inayosukuma mafuta kwenye vitundu vidogo, na ule mtikisiko wote unageuka kuwa joto. Hapo ndipo Afrika Mashariki inapoua shokapu. Barabara ya rasta kilomita 60 bila kupumzika inaipika mafuta yake mpaka yanakuwa mepesi na kutoa povu, na shokapu yenye povu ni bomba tupu. Gari linaanza kuelea. Dereva anadhani tairi limepata pancha, kumbe mguu umekufa.

Kuna za mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine, na kuna za mrija mmoja zenye gesi ya shinikizo kubwa nyuma ya pistoni inayoelea. Kwa rali chukua za mrija mmoja. Gesi inayabana mafuta yasitoe povu, na mrija unagusana na hewa moja kwa moja, kwa hiyo unapoa haraka. Bilstein wa Ujerumani ndio waliozoeleka tangu magari haya yalipokuwa mapya; Öhlins wa Sweden na Reiger wa Uholanzi nao wanatengeneza za rali zinazoheshimika. Zenye chupa ya pembeni zina mafuta mengi zaidi, zinachelewa kuchemka. Lakini tena, uliza kitabu cha kanuni kama chupa inaruhusiwa.

Kwa nguzo ya MacPherson tafuta ile iliyogeuzwa juu chini, mwili mnene ndio unaoteleza ndani ya nguzo. Fimbo nyembamba ya kawaida ikipigwa ubavu inapinda. Ile nene inavumilia.

Sokoni kuna vimeo, mtu wangu. Shokapu ya mtumba inafutwa mafuta, inapulizwa rangi ya njano au ya bluu, inabandikwa stika, inauzwa kama mpya. Usione haya kupima mbele ya muuzaji. Isukume fimbo mpaka ndani halafu iachie: ya mrija mmoja yenye gesi lazima itoke yenyewe polepole. Ikibaki ndani kama imenuna, gesi imekwisha. Izungushe uone kama imepinda. Pitisha kidole penye sili, kikitoka na mafuta, mrudishie mwenyewe na umwage kwaheri. Na uliza kitu kimoja muhimu kuliko rangi: inafunguka? Shokapu ya mashindano ni ya kufunguliwa, kubadilishwa sili na mafuta na kufungwa tena. Isiyofunguka ikifa imekufa, na ukiwa Voi usiku hakuna duka.

BUSHI NA MIKONO

Hapa nitapita haraka. Raba mpya ngumu kidogo kuliko za kiwandani zinatosha kwa anayeanza. Plastiki ngumu, ile ya polyurethane, inadumu lakini inataka grisi yake maalumu, bila hivyo inapiga kelele kama mlango wa gofu. Vichwa vya chuma vya mviringo vinaipa gari akili kali sana, ila vumbi letu jekundu ni msasa. Bila kifuniko vinalegea upesi. Weka pale kanuni na pesa zinaporuhusu, na beba vya akiba.

Bushi za raba zina siri moja ambayo mafundi wengi wanaijua na hawaifuati: bolti yake inakazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukiikaza mguu ukining'inia juu ya jeki, raba inashikwa katika hali ya kuning'inia, gari likishuka inajipinda, na baada ya wiki imechanika.

SIKU YA KUSETI

Mafuta ndani, watu wawili kwenye viti, matairi ya akiba mahali pake. Upepo wa tairi sawa pande zote. Kama unaweza kuazima mizani minne, weka moja chini ya kila gurudumu. Jumlisha mbele kushoto na nyuma kulia, kisha mbele kulia na nyuma kushoto. Jumla hizo mbili zikaribiane sana. Zikipishana, gari litakata kona ya kulia vizuri na ya kushoto litakutukana. Unasawazisha kwa nati za springi, nusu mzunguko nusu mzunguko, huku ukitikisa gari kila mara litulie.

Halafu mbele. Magurudumu yaliyolalia ndani kidogo kwa juu, kama digrii moja, yanatosha kwa changarawe, na yatazame karibu sawasawa mbele. Lakini kuna kipimo ambacho watu wa alaimenti mtaani hawakupi. Toa springi, weka jeki chini ya gurudumu, lipandishe na kulishusha polepole mwendo wake wote, steringi ikiwa imefungwa. Uso wa gurudumu ukigeuka kushoto au kulia wakati linapanda, basi gari litajiendesha lenyewe kila likigonga tuta. Hilo huwapata sana wanaonyanyua gari juu kupita kiasi ili lionekane la kiume: mikono ya chini na fito za steringi zinainama vibaya. Kwa kilomita 150 kwa saa, na watoto wa shule wamesimama kando ya barabara kushangilia, hilo si jambo la kusema tutaona mbele ya safari.

Kliki za shokapu uziache mwisho, na uanzie katikati. Tafuta kipande cha barabara cha kilomita tatu nne chenye rasta, tuta na kona, ukipite mara nyingi. Ukipita tuta na mkia ukarushwa juu, shokapu za nyuma zinairudisha springi haraka mno. Ongeza ugumu wa kurudi, kliki mbili tu. Kwenye rasta, gari likizidi kuzama chini kadiri unavyokwenda na kuwa gumu kama mkokoteni, ni kinyume chake: kurudi ni kugumu sana, mguu hauwahi kushuka kabla ya tuta linalofuata. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike kwenye daftari. Nevigeta ndiye aandike, maana dereva akishanogewa kumbukumbu yote inahamia mguu wa kulia.

Mkishuka, sogeza kiganja karibu na kila shokapu, polepole, zinaunguza. Tatu za moto na moja ya baridi? Hiyo ya baridi haifanyi kazi, ndiyo maana haikutoa jasho. Paka pia grisi kidogo kwenye fimbo za shokapu za nyuma kabla ya kwenda, ukirudi utaona imesukumwa mpaka wapi. Ikiishia nusu kila mara, springi yako ni ngumu, umejibebesha adhabu bure. Ikifika mwisho kwenye lile tuta kubwa tu, acha hivyo hivyo usiguse. Ikifika mwisho kila shimo, rudi kwenye ile hesabu ya nyutoni, na kabla hujawasha gari kwenda gereji, chukua spana ukaze upya bolti zote za miguu, maana kilomita hizo chache zimeshaanza kuzilegeza.